Dakika za Salamu

Kilimia ilikuwa imeshapita.

Nyamizi Kasubi aliondoa jicho kwenye darubini, akalifikicha, akalirudisha. Vile vinyota vilivyosongamana vilikuwa upande wa kushoto wa uzi uliokatiza kioo, vinateremka zao, na jedwali lililobandikwa ukutani lilisema vitaugusa uzi saa tisa u nusu kamili mchana. Saa Mama, juu ya kichwa chake, ilisoma saa tisa na dakika ishirini na nane. Nyota haziwahi. Hilo ndilo jambo la kwanza alilofundishwa siku alipovikwa ufunguo wa mtunza saa, na ndilo alilowafundisha wengine kwa majivuno: mgeni huwahi, bibi harusi huchelewa, nyota hufika.

Akalaumu kioo. Kilikuwa kipya, kimepachikwa asubuhi ileile, na mafundi wa Kisiki ni watu wa kuacha skrubu moja mfukoni halafu wakaapa kwamba haikuwa na kazi. Alikaza alichoweza kukaza. Akatazama tena. Kilimia ilizidi kwenda zake.

Mji wa Kisiki ulichimbwa ndani ya jiwe kubwa linalolizunguka jua baina ya Mirihi na Mshtarii, watu mia sita na kitu, hakuna dirisha hata moja isipokuwa lile la darubini. Jiwe hujizungusha, na kila likijizungusha nyota hupita mbele ya uzi moja baada ya nyingine. Ukijua ni nyota gani iko kwenye uzi, unajua saa. Kwa njia hiyo walikuwa wakiikagua Saa Mama kila wiki, mpaka siku chombo cha kuchota barafu kilipoondoka. Moto wa chombo hicho, ambacho watu walikiita Kapu, ulikibabua kioo cha darubini kikawa cheupe kama jicho la samaki aliyepikwa, na kuchonga kingine kulichukua miezi kumi na minne. Miezi kumi na minne mji uliishi kwa kuiamini Saa Mama tupu.

Ndani ya Kapu walikuwamo watu watatu waliolazwa usingizi wa baridi. Mmoja wao alikuwa Sikitu, mdogo wake Nyamizi wa tumbo moja.

Kilimia peke yake ingeweza kudanganya, kwa kuwa hupita kwenye uzi mara kadhaa kwa siku. Nyamizi akaigeuza darubini hadi kwa Mshtarii. Sayari ile ina miezi minne mikubwa, na kila saa miezi hiyo hujipanga kwa namna yake: mmoja kushoto, mitatu kulia, au mmoja umejificha nyuma, au miwili imekaribiana kama wasengenyaji. Mpangilio wa saa moja haufanani na wa saa nyingine. Alichora alichokiona: miwili kushoto, mmoja kulia karibu, mmoja kulia mbali. Akashika jedwali, akapitisha kidole kwenye mistari ya mchana ule. Hakuna. Akapitisha kwenye mistari ya jioni. Hakuna. Akafungua ukurasa wa pili, na huko kidole kikasimama.

Mpangilio ule ulikuwa wa kesho. Kesho, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi.

Aliinua uso. Saa Mama ilisoma saa kumi kasoro dakika ishirini, mchana wa leo.

Saa kumi na nne na dakika kumi. Alizihesabu kwa vidole, halafu kwa karatasi, halafu kwa vidole tena, na kila mara zilikuwa zilezile. Kapu liliondoka siku mia nne na ishirini na tano zilizopita. Aligawanya. Jibu lilikuwa dakika mbili kwa siku, dakika mbili barabara, na saa iliyoharibika haiharibiki kwa utaratibu namna hiyo. Ndipo macho yake yalipotua kwenye mkono wa breki.

*

Breki ile iliwekwa kwa ajili ya matengenezo. Ukiishusha, Saa Mama huacha kuhesabu. Ukiipandisha, huendelea ilipoishia. Kwa miaka mingi hakuna aliyeigusa. Halafu ukazuka ugomvi wa zamu.

Zamu zilikuwa tatu kwa siku, na watu wa Kisiki, kama ujuavyo watu wetu, hawapokezani kazi kama wanaotupiana tofali. Mtu hufika, husalimiwa, husalimia, huulizwa ya nyumbani, huuliza ya mguu uliokuwa ukiuma, na anayeondoka hawezi kugeuka tu akatoka. Dakika zile zilikuwa za nani? Wanaoingia walisema si zao, maana hawajaanza. Wanaotoka walisema si zao, maana wamemaliza. Siku moja mtu wa pampu alimpiga mwenzake birika la kichwa kwa sababu ya salamu iliyomlia chai yake. Mzee Ngwali Machano ndiye aliyekuwa ameshika ukuu wa watunza saa mwezi uleule Kapu lilipoondoka, na kioo kilikuwa kimeshababuka. Akatoa hukumu ambayo mji mzima uliishangilia: wakati wa salamu usiwe wa mtu yeyote. Watu wakisalimiana, breki ishushwe. Wakimaliza, ipandishwe. Sekunde chache hizo nyota zitazirekebisha, kioo kikipona.

Nyamizi aliipenda hukumu ile. Aliishusha breki kwa mkono wake mara mia nne. Na kwa kuwa salamu sasa zilikuwa za bure, watu wakaanza kuulizana hadi habari za miche ya nyanya.

Kioo hakikupona haraka, na hakuna aliyejumlisha. Yeye hakujumlisha. Alikuwa na kalamu, alikuwa na akili, alikuwa na kazi moja tu duniani, na hakujumlisha.

Kapu halikujua salamu. Kapu lilitupwa angani kwa hesabu za nyota na lilikuwa linarudi kwa hesabu hizohizo, wenyewe wamelala. Lingepita mbele ya Kisiki kesho saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano asubuhi, na ili linaswe lisiambae, wavu wa sumaku ulipaswa kuwashwa robo saa kabla, upate joto. Kesho hiyo, kwa saa ya kweli, ilikuwa imeshafika. Kwa Saa Mama, wavu ulitakiwa kuwaka leo, saa kumi na dakika kumi.

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Likiambaa, Kapu lingerudi baada ya miaka kumi na mmoja, na dawa ya usingizi ilikuwa ya miaka miwili.

*

Wavu haukuwa na swichi. Hakuna kitu cha maana katika Kisiki kilichokuwa na swichi. Zamani, kabla Nyamizi hajazaliwa, palikuwa na msimamizi aliyebeba funguo za hewa kiunoni, na watu waliomkasirisha walijikuta nyuma ya milango isiyofunguka. Baada ya kumwondoa, mji uliamua kwamba kufuli zote, za hewa, za maji, za wavu, za hospitali, zitamsikiliza Mama peke yake. Kila sekunde Saa Mama ilituma pigo moja kwenye kila kufuli, kufuli likahesabu, na hesabu yake ikitimia likafunguka. Hapakuwa na wa kumwomba wala wa kumhonga. Na Saa Mama haisogezwi mbele kwa mkono: gurudumu la kuisogeza lilipigwa lakiri, muhuri wa risasi, na anayeivunja hafanyi tena kazi ya saa maisha yake yote.

Nyamizi angeivunja na kuikanyaga. Lakini Mama akisukumwa mbele atayatuma mapigo yote elfu hamsini na moja yaliyopotea, kwa mkupuo, kwenye kila kufuli la mji. Milango itafunguka, sawa. Taa zitazimika na kuwaka, sawa. Alipitisha kichwani orodha ya kufuli zote alizozijua, na akafika hospitali.

Akapiga simu. Aliyeipokea alikuwa Dokta Lusajo, sauti yake imejaa mkate.

"Dokta, Siwatu yumo tangini bado?"

"Yumo. Anatoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Baba yake ananiuliza kila baada ya nusu saa, sasa na wewe?"

"Tangi likifunguka leo?"

Kutafuna kukakoma. "Lifunguke vipi?"

"Nakuuliza tu. Likifunguka sasa hivi."

"Mapafu mapya hayajashika, Nyamizi. Usiku huu ndio yanashika. Akitoka sasa atapumua dakika kumi, akijaliwa. Kuna nini?"

Alishusha simu. Siwatu alikuwa na miaka thelathini na mbili, fundi wa mabomba, mcheshi, aliyeungua mapafu akizuia uvujaji ambao ungewaua watu wa kata nzima. Alikuwa binti pekee wa Mzee Ngwali. Na Mzee Ngwali, kwa hatua zile za goti moja zito, alikuwa anapanda ngazi kuja kupokea zamu.

*

"Hodi hapa!"

Aliingia anatabasamu, kanzu imekunjwa mikono, kofia imeinamia sikio. Mkono wake ulienda kwenye breki wenyewe, kama wa mtu anayetafuta swichi ya chumba chake. Nyamizi akaudaka.

"Usiishushe, mwalimu."

"Hee! Leo hatusalimiani?"

"Nakuomba usiishushe. Tazama hapa kwanza."

Alimweleza haraka, bila kupamba. Mzee Ngwali alisikiliza kichwa kimeinama, kisha akacheka kidogo. "Darubini imepinda, mwanangu. Kioo cha leo hicho."

"Nimeangalia Mshtarii."

Kicheko kilikatika. Yeye ndiye aliyemfundisha habari za miezi ile minne. Alijua kwamba darubini iliyopinda inaweza kuisogeza miezi yote pamoja, lakini haiwezi kuibadilishia mpangilio. Akainama kwenye jicho la darubini. Akakaa hapo. Alipoinuka alikuwa mzee kuliko alivyoingia.

"Dakika mbili," alisema.

"Kwa siku. Ndiyo."

"Salamu zangu."

"Zetu, mwalimu. Na mimi nilishusha."

Saa Mama ilisoma saa kumi kamili. Mzee Ngwali alitazama gurudumu lenye lakiri, halafu akamtazama Nyamizi, na Nyamizi aliona kabisa wakati wazo lilipomfikia, kwa sababu alisogea akasimama baina yake na gurudumu.

"Hapana," alisema. "Mwanangu yumo ndani."

"Najua."

"Liko baraza. Liitwe baraza."

Baraza lilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na kikao chao huchukua siku tatu, moja ya kuzungumza na mbili za kutafutana. Wote wawili walijua.

"Watatu kwa mmoja, si ndiyo? Ndiyo hesabu yako?"

"Na barafu, mwalimu. Maji ya mwaka."

"Maji tutabana. Tumewahi kubana. Niambie ukweli." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kelele. "Sikitu angekuwa ndiye aliye tangini, na Siwatu ndiye yumo Kapuni, ungeivunja lakiri?"

Alitaka kusema ndiyo. Mdomo ulifunguka kusema ndiyo. "Sijui," alisema. "Wallahi sijui, mwalimu. Lakini ningetaka kuwe na mtu wa kuivunja."

Dakika nzima ikapita wakiwa wanatazamana, na hiyo haikuwa ya bure.

"Kitufe cha fundi," Mzee Ngwali akasema ghafla. "Kila kufuli lina kitufe cha majaribio ndani ya kisanduku. Ukikibonya, kufuli linadhani limepata pigo. Tukaupigie wavu kwa mkono, Mama tumwache alivyo!"

"Mapigo elfu hamsini na moja kwa dakika tisa?"

Nyamizi aliona uso wake unafifia, kisha unachangamka tena. "Basi kinyume chake. Tangi ndilo tulipigie kwa mkono. Waya wa Mama ukatwe kule, mapigo yako yasimfikie, na mtu abonye kitufe sekunde kwa sekunde mpaka saa zake zitimie. Waya ukishakatwa, likikosa pigo kwa sekunde mbili linajifungua lenyewe, limewekwa hivyo ili mtu asisahaulike ndani. Kwa hiyo asikose."

"Saa kumi na nne za kubonya?"

"Hata arobaini!"

Kisanduku cha kila kufuli kilifunguliwa na ufunguo wa mtunza saa tu, na wenye ufunguo zamu ile walikuwa wao wawili. Hospitali ilikuwa chini kabisa, ngazi mia mbili na sabini. Goti la Mzee Ngwali lilikuwa la miaka sitini na minane. Miguu ya Nyamizi ilikuwa mizima. Angefika kwa dakika tatu, akate waya, akae kwenye kitufe, na muda ungebaki. Jambo lilikuwa wazi kama meza. Yeye akimbie, mzee abaki asukume gurudumu.

Lakini je, angelisukuma? Akiwa peke yake hapa, mwanawe kule chini, bila kujua kama waya umekatwa au bado, mkono wake ungeenda?

Mzee Ngwali alikuwa anamtazama. Alikuwa anangoja aseme.

"Nenda wewe, mwalimu," Nyamizi alisema. "Mimi nitakaa hapa. Nitakungoja mpaka saa kumi na dakika kumi. Siwezi zaidi."

Mzee Ngwali aliuelewa usemi ule wote, na ule usiosemwa. Alivua viatu, akashika kanzu kwa mkono mmoja, akateremka.

*

Lakiri ilivunjika kirahisi kuliko alivyotazamia. Akashika gurudumu kwa mkono wa kulia na simu kwa wa kushoto.

"Dokta, Mzee Ngwali anakuja. Akifika mwangalie, unieleze kila anachofanya."

"Nyamizi, nini kinaendelea?"

"Mtu yeyote asimzuie. Umesikia? Mtu yeyote."

Saa kumi na dakika nne. Saa kumi na dakika tano. Kwenye simu alisikia mashine za hospitali zikipumua na Lusajo akimfukuza mtu mlangoni. Alijaribu kumfikiria Sikitu, ili ajipe nguvu, lakini kilichomjia ni Siwatu amekaa juu ya bomba, miguu inaning'inia, anamwambia kwamba watunza saa ndio watu pekee mjini wanaolipwa kwa kutazama ukuta. Alicheka siku ile. Sasa alilia, machozi yakimwingia mdomoni, mikono yote miwili ina kazi.

Saa kumi na dakika nane.

"Amefika!" Lusajo alisema. "Amefika, ameanguka mlangoni. Ameinuka. Anatoa ufunguo."

"Sawa."

"Hauingii. Umeingia. Amefungua. Waya ziko nyingi, anazitenga."

"Wa bluu wenye mstari. Mwambie bluu wenye mstari!"

"Anajua, anasema anajua, anasema umngoje."

Saa kumi na dakika tisa na sekunde arobaini. Nusu dakika ni ya mapigo kutoka, na zote zilizobaki za ile robo saa ni za wavu kupata joto; hiyo haibanwi. Sekunde moja ya kuchelewa ni kilomita kadhaa za Kapu. Alijua namba ile kwa moyo, aliikokotoa mwenyewe.

"Ameushika?"

"Ameushika, anatafuta mkasi, mkasi uko wapi, sista, mkasi!"

Hamsini na tano. Hamsini na saba.

Nyuma ya sauti ya Lusajo akaisikia ya Mzee Ngwali, mbali kidogo na simu, sauti iliyomfundisha kusoma nyota akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. "Subiri, mwanangu! Subiri kidogo!"

Saa kumi na dakika kumi. Nyamizi akalisukuma gurudumu.

*

Mapigo elfu hamsini na moja huchukua nusu dakika kutoka. Taa za mji zilizimika, zikawaka. Milango ilifunguka na kujifunga. Watoto wa shule waliachiliwa, wakaitwa, wakaachiliwa tena, na hawakulalamika. Chini ya sakafu, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne, wavu ulianza kunguruma.

Kwenye simu palikuwa na kelele za watu wengi. Alisubiri. Alisema, "Dokta." Alisema tena, "Dokta!"

"Umekatwa," Lusajo akasema hatimaye, akihema. "Umekatwa. Tangi halijafunguka. Anabonya."

"Ulikatwa lini? Baada ya mapigo kuanza au kabla?"

"Baada. Sekunde nne, tano. Hesabu ya tangi imeruka mbele. Nyamizi, imeruka saa mbili na dakika ishirini na kitu."

"Saa mbili ni nyingi?"

"Zile za mwisho ndizo zenye kazi," alisema, na akakata simu.

Kapu lilinaswa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, asubuhi ya kesho iliyokuwa leo. Nyamizi aliliona kwenye darubini, doa la kijivu lililopunguza mwendo, likapunguza, likasimama. Watu wa bandari walipiga vigelegele hadi vikasikika kwenye matundu ya hewa. Aliambiwa kwamba wote watatu ni wazima na wanaamshwa. Alisema ahsante, akamkabidhi kijana wa zamu darubini, akateremka ngazi mia mbili na sabini.

*

Mzee Ngwali alikuwa ameketi sakafuni mbele ya kisanduku, mgongo umeegemea tangi, kidole cha shahada juu ya kitufe. Alibonya. Alibonya. Goti lilikuwa limevimba nje ya kanzu. Nyuma ya kioo, ndani ya maji ya kijani, nywele za Siwatu zilikuwa zinaelea.

Nyamizi alipiga magoti. "Mwalimu, nipe mimi. Pumzika hata robo saa."

"Si wewe."

"Mkono wako utakufa ganzi."

"Yeyote. Si wewe." Hakugeuka kumtazama, alikuwa anatazama kidole chake. "Miguu yako mizima. Ungekimbia wewe, waya ungekatwa na dakika zikabaki. Ulinituma mimi kwa sababu uliniona sitasukuma."

Alitaka kumuuliza kama angesukuma. Hakuthubutu, na alijua hatathubutu kamwe. Aliinuka, akatoka, akasimama nje kwenye ukumbi, mkono juu ya fremu ya mlango.

Kichwa chake, kwa kuwa hakikujua kazi nyingine, kilianza kuhesabu, na kilipomaliza alikuwa ameshaanza kusema kwa sauti, kupitia mlango ulio wazi.

"Mwalimu. Mzee Ngwali. Unabonya sekunde kwa sekunde. Usibonye hivyo. Tangi linahesabu mapigo, halijui sekunde. Ukibonya polepole, linakaa limefungwa zaidi."

Kidole kilibonya. Lusajo aligeuka kumtazama.

"Yaliyoruka ni elfu nane na mia tano hivi. Mkibonya mara tano kwa kila sekunde sita, mtayarudisha karibu yote. Atatoka kwa wakati wake, dakika kumi hivi pungufu. Msizidishe pole mkafika sekunde mbili, litafunguka."

Aliusikiliza mlio wa kitufe, na baada ya kitambo akausikia unabadilika, unavuta pumzi kidogo baina ya pigo na pigo. Haukuwa sawa, ulikuwa unakimbia na kuchelewa. Kidole kilichochoka hakiwezi kugawa sekunde sita kwa tano. Nyamizi akaanza kuhesabu, taratibu, kwa sauti tambarare ya zamu: moja, mbili, tatu, nne, tano, na moja. Mlio ulitangatanga, ukaitafuta sauti, ukaipata.

Ndivyo Sikitu alivyowakuta. Alikuja amejifunga blanketi la bandari, midomo ya bluu, hajui kutembea vizuri, ameambiwa habari nusunusu na watu waliokuwa wakimbeba. Alimwona dada yake anahesabu, akamgusa shavu, na Nyamizi hakuacha kuhesabu, akaashiria kwa macho tu, ndani.

Sikitu akaingia. Nyamizi hakuweza kuwaona, ila alisikia blanketi likiburuzwa sakafuni.

"Baba, nipishe nami nibonye."

"Wewe nani?"

"Sikitu. Wa Kapu."

Mapigo kumi yakapita, kumi na tano, na Nyamizi akayahesabu yote bila sauti yake kupanda wala kushuka. Alijua mzee anamtazama yule aliyeokolewa, uso mzima mzima, anafanana na dada yake.

"Kaa hapa," Mzee Ngwali alisema. "Weka kidole juu ya changu kwanza. Sasa natoa. Usitazame kitufe, kitakuchanganya." Akajivuta kando. "Fuata sauti yake huyo aliyeko nje."

Saa kumi na mbili zilikuwa zimebaki, na kitu juu yake. Nyamizi aliegemea ukuta, akajifuta uso kwa kanga, akaendelea kuhesabu.